Nikahi ya Msikitini na Universal Credit: Kinachohesabiwa ni Kaya

Wasomaji walioko Uingereza wameuliza jambo hili tena na tena. Mtu mwenye ulemavu anapokea fao la Universal Credit, amefunga nikahi msikitini, mwenzi wake amehamia kwake, na wote wawili wanaamini kuwa hawana la kuripoti kwa sababu ndoa haikusajiliwa serikalini. Imani hiyo inawatia watu kwenye madeni mazito. Ni kweli ndoa isiyosajiliwa inaweza kukunyima haki nyingi mkifika kwenye talaka au mirathi, lakini ofisi ya mafao haiulizi cheti. Inatazama mnavyoishi: nani analipa kodi ya nyumba, nani ananunua chakula, mnalea watoto pamoja au la, na kama jamaa na majirani wanawajua kuwa ni mume na mke. Hata picha za walima zinaweza kuwa ushahidi. Na ile kauli ya mitaani kwamba mwenzi anaruhusiwa kulala siku tatu kwa wiki haimo katika sheria yoyote.

Wapo wanaojibu: ulemavu ni wangu, kipato cha mume kinahusu nini? Kwa PIP, fao la ulemavu, wako sahihi, maana hiyo hulipwa kwa hali ya mtu mwenyewe, awe peke yake au na mwenzi, tajiri au maskini. Tatizo ni kudhani kwamba Universal Credit, hata ile sehemu inayoongezwa kwa ajili ya ugonjwa, inafuata kanuni hiyo hiyo. Mkishakuwa kaya moja, mshahara wa mwenzi unaingia kwenye hesabu, na kila pauni inayozidi kiwango kilichoruhusiwa inapunguza malipo kwa peni 55. Akiba nayo inajumlishwa, na kikomo cha watu wawili ni kile kile cha mmoja: pauni 16,000. Mke akiwa na 5,000 na mume ana 12,000 katika benki ya Mombasa, akiba ya kujengea nyumba, Universal Credit inakatika yote. Fedha iliyoko nchi ya nyumbani inahesabiwa pia. Linaloudhi zaidi ni la mwenzi mwenye viza isiyoruhusu mafao: mnalipwa kiwango cha mtu mmoja, ila kipato na akiba yake vinahesabiwa vyote. Huo si uadilifu, na maofisa hawajishughulishi kueleza jambo hilo mapema.

Watetezi wa utaratibu huu husema wawili hugawana gharama. Sawa, lakini mwenye ulemavu anageuzwa tegemezi, na nauli ya kwenda hospitali anaiomba kwa mwenziwe. Hata hivyo kuficha si dawa. Mliyolipwa zaidi yanaweza kudaiwa hata kosa likiwa la ofisi yenyewe, kwa hiyo jibu la ofisa kwenye simu halikukingi. Andika kwenye jarida la akaunti yako ya Universal Credit, ubaki na kumbukumbu. Tena, mwenzi anayemhudumia mwenye PIP ya mahitaji ya kila siku kwa saa 35 kwa wiki anaweza kudai nyongeza ya mtunzaji, na wengi hawaiombi. Kabla mizigo haijahamishwa, nendeni wote wawili kwenye ofisi ya ushauri ya Citizens Advice na taarifa zenu za benki, za huku na za nyumbani, mpigiwe hesabu.