Kabla ya Kuomba Bluetooth

Rafiki yako amekurushia faili la gemu. Unabonyeza, simu inajibu: "Programu haijasakinishwa." Pale Nambambo, hapa Nachingwea, au Ruangwa kwa jirani zetu, lawama zote humwangukia aliyeitengeneza. Mara nyingi kumbe ni tiki moja tu.

Tuchukue Godot, injini ya gemu isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, kisha ikaachiwa wazi kwa kila mtu mwaka 2014. Unapotoa gemu yako kwa ajili ya Android, dirisha linakuuliza aina ya prosesa. Katika Godot 4, arm64-v8a, yaani biti 64, utaikuta imeshawekwa tiki. Armeabi-v7a, ya biti 32, unaiweka mwenyewe. Na simu nyingi za bei ya chini zinaendeshwa na Android ya biti 32, wakati mwingine hata kama prosesa yake ni ya biti 64. Weka zote mbili. Faili litanenepa, maana injini inabebwa mara mbili, na anayerushiwa kwa Bluetooth atasubiri kidogo. Lakini gemu itaingia. Play Store nayo tangu Agosti 2019 inadai toleo la biti 64 liwemo. La biti 32 haijalikataza.

Picha ni ugumu mwingine. Godot 4, iliyotoka Machi 2023, imejengwa juu ya Vulkan, mfumo wa kuchora picha ambao simu nyingi za zamani hazina. Ipo njia nyepesi inayoitwa Compatibility, lakini nayo inataka mfumo wa OpenGL ES 3.0. Simu inayoishia ES 2.0 imeachwa, na anayeilenga hana budi kubaki na Godot 3. Inauma, ila siwalaumu watengenezaji wa Godot. Kila aina ya simu inayohudumiwa inahitaji mtu wa kuijaribu upya kila toleo linapotoka, na wengi wa watu hao wanajitolea.

Hapo ndipo maombi yetu kwa watu hao yanapoingia, na hapo ndipo tunapokosea. Ombi ninalolisikia kwa vijana kuliko yote ni hili: "Waweke Bluetooth, tucheze wawili bila bando." Fomu ya mapendekezo ya Godot haianzi na kitu unachotaka. Inaanza na tatizo linalokusumbua katika gemu unayoitengeneza. Kisha inauliza kama tatizo hilo linatatulika kwa mistari michache ya kodi, na kwa nini suluhisho liwe ndani ya injini badala ya kuwa programu-jalizi ya pembeni. Pitisha Bluetooth katika maswali hayo uone. Tatizo ni watoto wawili kucheza pamoja bila bando. Simu moja ikiwasha hotspot na ya pili ikajiunga, mtandao wa ndani wa Godot unafanya kazi, na gemu yenyewe haili hata megabaiti ya bando. Anayeshikilia Bluetooth bado anaweza kuipata kwa programu-jalizi ya Android. Ombi lile, kwa maoni yangu, halina haja ya kutumwa.

Linalohitaji kutumwa ni habari za simu zenyewe. Godot haikusanyi takwimu za watumiaji kimyakimya. Hakuna kompyuta huko inayojua kwamba gemu inazima skrini kwenye simu fulani Nachingwea. Wanaojua ni wanaoandika, na kuandika kunataka umeme, bando na muda. Lual Mayen, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda kabla ya kuwa mtengeneza gemu anayejulikana, alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuchaji laptop yake. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kujaza fomu, na simu yake inakuwa kama haipo.

Ukiipata nafasi, andika kwa ufupi. Kiingereza cha darasani kinatosha. Taja modeli ya simu, toleo la Android, jina la chipu ya picha, na toleo la Godot hadi tarakimu ya mwisho. Usiwatumie gemu nzima. Tengeneza mradi mpya, weka picha moja na kitufe kimoja, punguza kila kitu mpaka kibaki kile kinachozima skrini, ndipo uuambatishe. Msimamizi aliyeko Ulaya hana simu yako mkononi, na mradi huo mdogo ndio utakaomwezesha kulitafuta kosa kwenye simu inayofanana nayo.