Kompyuta ya Mwanafunzi: Someni Namba Kabla ya Kulipa

Kila ukaribiapo mwezi wa Agosti, vyuo vikuu vya hapa Uganda vinapojiandaa kupokea wanafunzi wapya, jamaa nyingi katika kambi za jeshi na za polisi hukabiliwa na swali moja: kijana atanunuliwa kompyuta gani? Kompyuta mpakato, yaani laptopu, si anasa tena kwa mwanafunzi. Insha huandikwa humo, na mwalimu hupelekewa kwa intaneti. Lakini fedha za kuinunulia aghalabu ni mkopo wa Wazalendo au wa Exodus, nao hukatwa katika mshahara kila mwezi, mashine iwe nzima au imekwisha kufa.

Mwaka 2022 mwandishi wa makala hii alidanganywa na upya. Alimnunulia mdogo wake wa chuoni mashine mpya kabisa, nyepesi, iliyofungwa katika boksi lake, kwa bei iliyompendeza. Ndani mlikuwa na ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyounganishwa moja kwa moja na ubao wa mashine, isiyoweza kubadilishwa. Windows peke yake ilijaza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo. Baada ya miezi michache haikubaki nafasi ya kupokea marekebisho mapya, na kufungua kurasa tatu za intaneti pamoja na insha moja kulitaka subira ya mvuvi. Muuzaji hakusema uongo. Yote yalikuwa yameandikwa juu ya boksi. Mnunuzi ndiye hakusoma.

Kwa fedha hizo hizo, au zilizo karibu nazo, yafaa zaidi kutafuta mashine ya ofisi iliyokwisha tumika. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na nyingi za zamani hufika katika maduka ya Kampala. ThinkPad T480 ya Lenovo, EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 5490 ya Dell, zote za mwaka 2018, ni za namna hiyo. Ziliundwa kwa ajili ya kazi ya kutwa: kibodi ni imara, na fundi akifungua skrubu za chini aweza kubadili ramu na diski.

Hapa hapana budi kuwa macho. Muuzaji atasema, "Afande, hii ni i7," kana kwamba maneno yamekwisha. Hayajaisha. Mwulize namba nzima ya prosesa. Katika i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi cha prosesa. Katika i7-3520M kizazi ni cha 3, yaani cha mwaka 2012. Hiyo i5 ina viini vinne vya kufanyia kazi, na hiyo i7 ina viwili tu, ingawa jina lake ni kubwa zaidi. Tena, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, hukubali rasmi zile za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno. Chini ya hapo, msichukue. Ramu iwe GB 8, na diski iwe ya SSD ya GB 256. Diski ya zamani ya kuzunguka huifanya hata mashine nzuri ijikokote.

Sasa michezo. Tuseme wazi kwamba kijana atacheza, na si vibaya akiisha kumaliza kazi. Minecraft, au Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, huchezeka kwa picha zinazotengenezwa na prosesa yenyewe. Ramu mbili za GB 4 zikiwekwa pamoja huendesha michezo vizuri kuliko moja ya GB 8. Michezo mikubwa ya miaka hii hutaka kadi ya picha ya pekee, na mashine za namna hiyo ni nzito, hupata joto na humaliza betri upesi. Mahali ambapo umeme hukatika usiku wa kuamkia mtihani, betri ni bora kuliko picha.

Dukani, msilipe kabla ya kuijaribu. Andikeni amri ya powercfg /batteryreport, kisha linganisheni uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki nusu, betri nyingine ihesabiwe katika bei. Bonyezeni kila herufi ya kibodi. Mwambieni muuzaji aifute mashine na kuianzisha upya mbele yenu, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu: ikidai akaunti ya kampuni fulani ya ng'ambo, bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, irudisheni. Risiti iandikwe namba ya mashine.

Mdogo wangu alihitimu kwa kutumia mashine ya pili, ya mwaka 2018. Ile mpya ingali kabatini, ndani ya boksi lake zuri.