Mkutano Usiomwacha Mtu Nje: Mafundisho ya Torati kwa Waandalizi wa Mikutano ya Haki

Utangulizi

Dodoma, iliyotangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na kuhamiwa na Serikali kuanzia mwaka 2016, ni mji wa mikutano. Semina na makongamano hufanyika humo mara kwa mara, nayo makanisa huyaandaa au huyapatia kumbi. Mengi kati ya hayo hujadili haki: haki ya ardhi, ya maji, ya wajane na ya watoto. Hata hivyo, mara nyingi mkutano wenyewe hupangwa kwa namna ambayo baadhi ya wanaodhulumiwa hawawezi kuufikia. Mlango wa ukumbi una ngazi. Tangazo limetolewa kwa kipaza sauti peke yake. Ajenda imechapwa kwa herufi ndogo. Choo kiko nyuma ya mtaro. Basi watu hukutana kutetea wanyonge, na wanyonge wenyewe wako nyumbani.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi Torati, na Wayahudi walioitunza, walivyolitazama swali hili: ni nani anayepaswa kuwapo kusanyiko linapoitishwa, na ni nani mwenye wajibu wa kuondoa kizuizi? Kisha tutalileta swali hilo katika uwanda wa kati wa Tanzania. Inafaa Walutheri wajifunze jambo hili kwa unyenyekevu. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika maneno makali mno dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani. Kuwasikiliza Wayahudi wanapoisoma Torati yao ni sehemu ya kulipa deni hilo.

1. Pasaka ya pili

Katika Hesabu 9:6-13 tunasoma habari za watu ambao hawakuweza kuila Pasaka kwa siku yake, kwa kuwa walikuwa wametiwa unajisi na maiti. Watu hao hawakunyamaza. Walimwendea Musa na Haruni siku ile ile, wakauliza kwa nini wao wazuiliwe wakati Waisraeli wenzao wote wanatoa sadaka. Musa hakuwajibu kwamba sheria ni sheria, wala hakuwafariji kwa maneno matupu. Aliwaambia wangoje asikie Bwana atakaloamuru. Jibu likaja: ifanywe Pasaka nyingine, siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili, kwa ajili yao na kwa ajili ya aliye katika safari ya mbali.

Mambo matatu yanaonekana hapa. Kwanza, waliozuiliwa ndio walioleta swali, hakuna aliyewasemea. Pili, kiongozi alikiri kwa tendo lake kwamba hana jibu tayari, akasikiliza. Tatu, kilichobadilika kilikuwa utaratibu wa sikukuu, wala siyo watu. Hawakuambiwa wajitahidi zaidi mwaka ujao. Hata sikukuu kuu ya ukombozi ilifunguliwa upya ili wasikose kushiriki. Na jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa maana sikukuu ya kutoka utumwani ingekuwa kitu gani kama ingewaacha wengine nje?

2. Kusanyiko la mwaka wa saba

Kumbukumbu la Torati 31:10-13 huagiza kwamba kila mwisho wa miaka saba, wakati wa Sikukuu ya Vibanda, watu wote wakusanywe wasikie Torati ikisomwa: wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye ndani ya malango. Orodha hii si ya mapambo. Kila kundi limetajwa kwa sababu kila kundi lingeweza kusahauliwa.

Nehemia 8 hutuonyesha jinsi kusanyiko la namna hiyo lilivyopangwa. Watu walikutana uwanjani, mbele ya Lango la Maji. Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti ili aonekane. Walawi waliwafafanulia watu yaliyosomwa, hata wakayafahamu. Mwishoni watu waliambiwa wale na kunywa, tena wawapelekee sehemu wale wasiowekewa kitu. Kwa hiyo mahali, kuonekana kwa msomaji, lugha na chakula vyote vilifikiriwa. Kusikia pekee hakukutosha. Watu walitakiwa kuelewa.

3. Kusamehewa na kufunguliwa njia

Ni haki kueleza pia ugumu uliomo katika mapokeo haya. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, huanza sehemu iitwayo Hagiga kwa kutaja walio na wajibu wa kupanda Yerusalemu wakati wa sikukuu. Inasema wote wana wajibu, kisha inawaondoa baadhi: kiziwi, kiwete, kipofu, mgonjwa, mzee, na yeyote asiyeweza kupanda kwa miguu yake.

Nia ya kanuni hiyo yaweza kusomwa kama rehema: mtu asitwishwe mzigo usiobebeka. Lakini rehema ya namna hiyo ina hatari. Anayesamehewa kufika leo, kesho hatarajiwi kufika. Na asiyetarajiwa kufika, hakuna anayemtengenezea njia. Msamaha hugeuka kuwa mlango uliofungwa kwa upole. Torati yenyewe huweka uzito upande mwingine. Mambo ya Walawi 19:14 hukataza kumtukana kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani. Hapo aliyeonywa siye kipofu, bali ni yule aliyekiweka kikwazo.

Wayahudi wameendelea kushindana na swali hili hadi siku zetu. Katika sheria yao ya kale kiziwi asiyesema alihesabiwa pamoja na watu wasio na akili timamu, na kwa hiyo hakuweza kuwa mmoja wa kumi wanaotimiza akidi ya sala. Mwaka 2011 kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative huko Marekani iliamua kwamba hesabu hiyo haifai tena, na kwamba kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama ana haki na wajibu wote wa ibada. Uamuzi huo unakumbusha jinsi Musa alivyowasikiliza wale waliozuiliwa.

4. Mashahidi wa mbali na wa karibu

Judith Heumann, Myahudi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 2023, aliugua polio utotoni akatumia kiti cha magurudumu maisha yake yote. Shule ya mtaani kwao ilikataa kumpokea kwa madai kwamba kiti chake kingeleta hatari ukitokea moto. Mwaka 1977 yeye na wenzake zaidi ya mia moja walikaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya majuma matatu, wakidai kanuni za kutekeleza sheria ya mwaka 1973 iliyokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari nje kwa kuongea kwa ishara madirishani. Ulemavu uliodhaniwa kuwa mzigo ukawa nguvu ya wote. Kanuni zilitiwa sahihi mwezi Aprili mwaka huo huo.

Karibu nasi wako Abayudaya wa mashariki ya Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919. Mwaka 2004 baadhi yao waliungana na majirani Wakristo na Waislamu kuunda ushirika wa wakulima wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, ili wapate bei ya haki. Fikirini, ndugu wasomaji, ushirika wa namna hiyo huitishaje mkutano. Ijumaa ni siku ya Mwislamu, Jumamosi ya Myahudi, Jumapili ya Mkristo. Chakula nacho kina masharti yake. Kupanga siku peke yake ni somo la kumkumbuka jirani.

5. Hali ya uwanda wa kati

Turudi nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo jambo hili ni la haki, wala si la hisani.

Katika wilaya ya Kongwa ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope, umechunguzwa kwa miaka mingi. Wanawake huathirika kuliko wanaume, kwa sababu ndio wanaowalea watoto wadogo wenye maambukizo. Hivyo bibi asiyeona anayekosa mkutano wa kijiji huenda ni mtu aliyepoteza macho akiwalea wengine. Huko Buigiri, wilayani Chamwino, iko shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana. KKKT nalo lina shule ya wasioona Irente, Lushoto, na ya viziwi Mwanga, Kilimanjaro. Makanisa yamewafundisha watoto hawa kusoma. Swali ni kama wakishakua watapewa ajenda ya mkutano wa usharika katika maandishi ya nukta nundu, au watakaa kimya wenzao wakifunua karatasi.

6. Mambo ya kuzingatia

(a) Kamati. Watu wenye ulemavu wawemo katika kamati ya maandalizi tangu kikao cha kwanza. Anayealikwa baada ya mipango kukamilika ni mgeni, si mwenyeji.

(b) Mahali. Mteremko wa kiti cha magurudumu huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 45 zinahitaji mteremko wa meta 5.4. Pasipowezekana, mkutano ufanyike uwanjani, kama wa Ezra, penye ardhi ngumu na si mchanga wa korongo. Choo kikaguliwe pia.

(c) Jua. Watu wenye ualbino wanahitaji kivuli, na wengi wao hawaoni mbali. Wapewe viti vya mbele chini ya turubai, wasiachwe pembeni juani.

(d) Lugha. Mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na msemaji, mwanga ukimwangukia usoni. Wazee wanaofahamu Kigogo zaidi ya Kiswahili wafasiriwe. Wasemaji wasubiri tafsiri imalizike.

(e) Tangazo. Litolewe kwa sauti na kwa maandishi, nalo liwaulize watu mapema wanahitaji nini.

(f) Bajeti. Nauli ya msindikizaji na posho ya mkalimani ziandikwe katika makisio ya kwanza. Kisichoandikwa humo ndicho hukatwa fedha zikipungua.

Mengi ya haya hayadai fedha nyingi. Yanadai kuuliza kabla ya kupanga.

Hitimisho

Yeremia 31:8 huonyesha msafara wa wanaorudi kutoka uhamishoni: kipofu, kiwete, mwenye mimba na yule aliye katika utungu, wote pamoja, kusanyiko kubwa. Nabii hasemi kwamba hao watafuata baadaye. Msafara wenyewe ndio wao, na mwendo wake hauna budi kuwa mwendo wao. Bwana wetu naye, baada ya kulisafisha hekalu, alijiwa humo na vipofu na viwete, akawaponya (Mathayo 21:14). Katika Luka 14:13 anataja wageni wa kualikwa karamuni, na hao hao wamo.

Mchungaji anayeandaa mkutano wa haki ajiulize basi swali la wale watu wa Hesabu 9: ni nani anayezuiliwa? Asipolijua jibu, asidhani hakuna. Awaendee, awaulize, na asiipange siku kabla hajawasikia.