Nyumba ya Kuishi Miaka Mingi: Yanayoamuliwa Kabla ya Umeme Kufika

Mara kwa mara tunaletewa swali na watumiaji waliohamia nyumba mpya: mbona umeme wa LUKU unakwisha upesi kuliko tulipokuwa tumepanga? Wengi huituhumu mita. Mita yaweza kuwa na kasoro, na mtumiaji ana haki ya kuomba ikaguliwe. Lakini mara nyingi sababu ipo juu ya dari na kwenye ukuta wa magharibi, nayo iliwekwa pale siku msingi ulipochimbwa.

Wananchi wengi hujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa fedha zikipatikana. Utaratibu huo una faida moja isiyotumiwa vya kutosha, nayo ni muda wa kufikiri. Taa hubadilishwa kwa dakika moja, na jokofu hubadilishwa siku lolote la zamani likichoka. Mwelekeo wa nyumba haubadilishwi. Kwa hiyo makala haya yanahusu zaidi yale yasiyorekebishika, na tumechukua mfano wa Dar es Salaam na mwambao kwa jumla, ambako adui ni joto lenye unyevunyevu.

Tuanze na jua. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Mwezi Desemba huwa kusini, nyuzi 17 hivi. Kwa kuwa jua hilo lipo juu, kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na ukingo wa paa uliotokeza nje. Ikiwa kutoka chini ya dirisha hadi ukingo wa paa ni mita 1.8, paa lililotokeza sentimita 54 upande wa kusini litalitia dirisha lote kivulini adhuhuri ya Desemba. Upande wa kaskazini, kivuli kama hicho mwezi Juni kingehitaji mita 1 na sentimita 5. Lakini Juni ni msimu wa ubaridi, na mwenye fedha chache anaweza kupunguza hapo bila kujuta sana.

Magharibi ni habari nyingine. Jua la saa kumi alasiri huja likiwa chini, likapita chini ya ukingo wowote wa paa na kuingia hadi kitandani. Ukuta wa tofali za saruji hulinyonya joto hilo mchana kutwa, kisha huliachia chumbani usiku, wakati watu wamelala. Ndiyo maana tunashauri pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe stoo, bafu, ngazi au baraza pana. Kiwanja kikiwa chembamba na barabara ikilazimisha mlango uelekee magharibi, nyumba haigeuki, lakini vyumba vyaweza kubadilishana nafasi kwenye ramani. Jambo hilo halina gharama yoyote kabla ya msingi.

Hapa hatuna budi kusema neno kuhusu paa lililofichwa nyuma ya ukuta wa juu, mtindo unaopendwa sana sasa katika vitongoji vipya. Nyumba hupendeza barabarani, hatubishi. Lakini paa la namna hiyo halina ukingo unaotokeza, na kila dirisha hubaki uso kwa uso na jua. Anayeutaka mtindo huo amdai mchoraji wake vivuli vya zege juu ya kila dirisha, na avione vimeandikwa kwenye mchoro kwa vipimo.

Paa lenyewe ndilo hupokea jua jingi kuliko sehemu yoyote, kwa sababu adhuhuri ya kwetu ni jua la utosini. Bati la rangi iliyokolea huwaka, kisha hulimwaga joto lake juu ya dari. Bati la rangi nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Chini yake, karatasi ya foili inayowekwa juu ya kenchi hupunguza joto linaloshuka, mradi upande unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa; ikibanwa katikati ya vitu viwili haina kazi. Nafasi kati ya bati na dari nayo ipumue kupitia matundu yenye wavu kwenye ukingo na kwenye ncha za paa. Kuweka foili wakati wa kuezeka ni kazi ndogo. Kuiweka baadaye ni kuezua.

Kisha upepo. Mwambao wetu umejaliwa pepo mbili: kaskazi, uvumao kutoka kaskazini mashariki katika miezi ile ya joto kali, na kusi, kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kikiwa ufukweni, kwa kuwa hewa haiingii pasipo mahali pa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na matundu katika kuta mbili, au dirisha moja na tundu juu ya mlango linaloelekea upande wa pili. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Ya kusukuma nje kwa bawaba hufunguka karibu yote. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo, na kwa kuwa haukwepeki, dirisha liwe kubwa zaidi.

Haya yote yana maana gani kwa mfuko wa mtumiaji? Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 kila usiku hutumia uniti 14.4 kwa mwezi. Kiyoyozi kinachovuta wastani wa kilowati 0.7 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 168. Chukua kaya inayotumia uniti 60, feni ikiwemo: inalipa shilingi 6,000. Iongezee kiyoyozi hicho, zitakuwa uniti 228 na shilingi 61,050, na kwa matumizi hayo kaya haitarajii kubaki D1. Katika kundi la T1, kwa shilingi 292 kwa uniti, ni shilingi 66,576. Kwa maneno mengine, kama chumba kinalalika kwa feni au la, ndiyo tofauti ya mara kumi kila mwezi, kwa miaka yote ya kuishi humo.

Hatusemi kiyoyozi ni anasa. Mzee au mgonjwa anaweza kukihitaji. Tunasema kiamuliwe mapema na kwa chumba mahususi, kwani chumba cha kiyoyozi huhitaji kuzibwa nyufa, na cha feni huhitaji kufunguka. Chumba kinachojaribu kuwa vyote viwili hupoteza kotekote. Wala kisinunuliwe kikubwa kupita chumba: hupoza haraka, hujizima kabla ya kuondoa unyevu, na mtu hubaki na ubaridi unaonata.

Wa Njombe, Mbeya na kwingineko kwenye baridi wasome sehemu kubwa ya hayo kinyume: waliache jua la Juni liingie kupitia madirisha ya kaskazini, na wafikirie kwanza maji ya moto. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 55 hutumia uniti 2 hivi kila mara. Mtambo wa jua juu ya paa hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, ikiwa paa lilijengwa kuhimili uzito wa tangi na bomba zilipitishwa kabla ya plasta.

Mwisho ni nyaya, zisizoonekana tena baada ya plasta. Kwa kawaida taa huwekewa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme waya mnene zaidi, aghalabu 6. Waya mwembamba kuliko mzigo wake hupata moto ndani ya ukuta. Waya za kiyoyozi, jiko na mtambo wa jua zipitishiwe mabomba yake sasa, hata kama vifaa vitanunuliwa baada ya miaka mingi. Fundi aonyeshe leseni ya EWURA yenye daraja linaloruhusu kazi hiyo, kabla ya kupokea malipo ya awali. Akimaliza, aache mchoro unaoonyesha nyaya zilikopita. Utunzwe pamoja na hati ya kiwanja. Fundi atakayekuja kutoboa ukuta huo miaka 15 baadaye atauhitaji.