Jinsi ya kutunza maua ya meza za harusi yasinyauke

NI jambo la kusikitisha bi harusi anapowasili ukumbini na kukuta mawaridi ya mezani yameinamisha vichwa, ilhali yalinunuliwa siku mbili tu zilizotangulia. Kwa jamaa za Kericho na Bomet wanaoamua kupamba meza kwa mikono yao ili kupunguza gharama, hiyo ni hasara ya fedha na pia fedheha mbele ya wageni.

Aghalabu lawama hutupiwa muuzaji. Hata hivyo, mara nyingi kosa hufanyika nyumbani, na chanzo chake ni ndoo chafu.

Ua lililokatwa lingali hai. Hupoteza maji kupitia majani na petali zake, na kuyapata mengine kupitia mirija myembamba iliyo ndani ya shina. Bakteria wakizaana ndani ya ndoo, huiziba mirija hiyo. Hewa inayoingia shina likikaa bila maji huiziba vilevile. Ndiyo maana waridi huweza kunyauka hali shina lake limezama katika maji tele.

Uangalifu huu unahitajika zaidi sasa. Hadi mwaka wa 2022, kampuni ya Finlays ilikuwa ikikuza maua papa hapa Kericho, katika mashamba ya Chemirei na Tarakwet. Baada ya mashamba hayo kufungwa, ua unalonunua mjini huenda limesafirishwa kutoka mbali, kwa mfano Naivasha, na kufika likiwa na kiu.

Iwapo harusi ni Jumamosi, nunua maua Alhamisi. Chagua mawaridi ambayo yameanza tu kufunguka. Osha ndoo kwa sabuni na jiki, kisha uisuuze vyema. Ondoa majani yote yatakayozama majini kwa kuwa huoza upesi. Kata ncha ya kila shina kimshazari, kiasi cha sentimita mbili au tatu, kwa kisu kikali, na ulitie majini papo hapo. Usiponde mashina kwa jiwe kama wengine wanavyoshauri, kwani kufanya hivyo huharibu mirija.

Kwa kila lita moja ya maji safi, tia kijiko kidogo cha sukari, vijiko viwili vidogo vya maji ya limau na nusu kijiko kidogo cha jiki. Sukari hulilisha ua, limau hurahisisha ufyonzaji wa maji, nayo jiki huzuia bakteria. Tahadhari: usichanganye jiki na limau kabla ya kuzimimina katika maji, kwa maana huzalisha gesi yenye sumu.

Yaache maua yanywe maji usiku kucha. Hapa wakazi wa nyanda za majani chai wamebahatika, kwani baridi ya usiku huwasaidia wasio na jokofu. Chumba chenye kivuli na sakafu ya saruji kinatosha. Almuradi kisiwe ghala la ndizi! Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huzeesha maua, hasa kanesheni, na nyumba ya harusi haikosi mikungu.

Mimea yenye utomvu mweupe, kama vile sinendet ambayo Wakalenjin huwavisha washindi na wageni wa heshima, iwekwe katika ndoo yake hadi utomvu ukome kutoka.

Panga maua Ijumaa jioni. Gilasi au mikebe iliyooshwa yafaa, na waya wa kuku uliokunjwa ndani yake utayashikilia mashina. Ukitumia sponji ya maua, iache izame yenyewe majini bila kuisukuma, la sivyo itabaki kavu katikati na mashina yatakosa maji.

Jumamosi, usafirishe maua yakiwa wima ndani ya ndoo, si juu ya pikapu iliyo wazi ambako upepo huyakausha. Kwa kuwa hema huwa na joto kali adhuhuri, yapange mezani muda mfupi kabla ya wageni kuketi na uongeze maji.

Sherehe ikiisha, usiyatupe. Ukikata ncha upya na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili, maua hayo yataendelea kupamba nyumba ya maarusi kwa siku kadhaa.