Jumba la kudumu Nakuru: Fedha za kwanza ziende ardhini

WENGI wa wanaonunua ploti Milimani, Kiamunyi au Ngata, mjini Nakuru, huanza kwa kuchagua rangi ya paa na vioo vya madirisha. Fundi mwenye uzoefu atakwambia huko ni kuanzia mwisho. Nyumba ya thamani kubwa ikipasuka ukuta, urembo wote huo huwa bure.

Nakuru imekaa chini ya kreta ya Menengai, na sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkeno. Udongo huo ni mwepesi na husombwa na maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha, maji huweza kupenya katika nyufa zilizo chini na ardhi ikatitia. Mnamo Machi 2018, ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Aidha, tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilipatwa na tetemeko kubwa la ardhi ambalo hadi leo hutajwa na wataalamu.

Kwa hivyo, kabla ya kununua hata lori moja la mawe, mlipe mtaalamu apime udongo. Akishapima, mhandisi ataamua kina cha msingi na kiasi cha vyuma. Usikubali fundi aruke ule mkanda wa saruji na vyuma unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Mkanda huo ndio unaozishika kuta pamoja ardhi inapocheza.

Kuhusu kuta, mawe ya kuchonga hayana mpinzani. Kasri la Lord Egerton, karibu na Njoro, lilijengwa kati ya 1938 na 1954. Lina vyumba 52, na kuta zake za mawe zingali imara bila kudai rangi kila mwaka. Hata hivyo, si kila jiwe la machimbo ni gumu. Mengine ni majivu yaliyoshikana tu. Tumbukiza jiwe majini usiku kucha. Likitoka zito mno na pembe zake zikamomonyoka, usilitumie katika ukuta wa nje unaopigwa na mvua.

Kwa paa, vigae vya udongo hudumu sana lakini ni vizito, na huhitaji mbao na kuta za kuvibeba. Mabati mazuri ni mepesi zaidi. Kumbuka kwamba nambari ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Ukinunua nyumba kuukuu yenye paa la asbesto, ambayo ilipigwa marufuku nchini 2006, usilivunje mwenyewe, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Mbao za mwangati hustahimili mchwa, na ndiyo sababu wakulima wa Bonde la Ufa walizipenda kwa nguzo za ua. Mbao za msaipresi lazima zitiwe dawa kabla ya kupandishwa. Madirisha ya alumini hayashiki kutu, ilhali ya chuma hudai rangi mara kwa mara. Sakafuni, terazo au vigae hufaa kuliko mazulia, kwa maana vumbi la Nakuru halibishi hodi.

Mwisho ni maji. Visima vingi vya eneo hili vina floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi. Paa safi lenye mifereji na tangi kubwa litakupa maji bora ya kunywa. Mifereji hiyo ina kazi ya pili: kuyazuia maji yasizame kando ya msingi. Maji yanayofurika kutoka tangini yaelekeze mbali na nyumba, na shimo la maji machafu lichimbwe mbali vilevile. Katika udongo wa Nakuru, nyufa nyingi za ukuta huanzia hapo.