Kansere ya Prostati: Ni Uchawi ao Ni Ukoo?

Katika vijiji vyetu vya Mpofi, mzee akifa kwa kuzibwa mkojo, watu husikitika. Miaka ikipita, na ndugu yake akifa vilevile, hawasikitiki tu. Wanaanza kutafuta mtu. Mara nyingi anayepatikana ni mjane asiye na wa kumtetea. Basi ndugu, kabla ya kumshitaki mtu, sikia habari hii.

Prostati ni tezi ya wanaume tu. Iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume akizeeka, tezi hii huvimba. Kwa wengi uvimbe huo si kansere. Kwa wengine ni kansere, nayo huweza kutambaa mpaka mifupa ya mgongo.

Kwa nini katika nyumba moja waugue wawili, watatu? Mtoto hurithi kwa wazazi vitu vidogo sana viitwavyo jeni, kama vile arithivyo pua na kimo. Jeni ikiwa na kosa, kosa nalo hurithiwa. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, mamia ya wanaume walikubali jeni zao zichunguzwe. Mwaka 2020 wachunguzi walitangaza habari za wanaume zaidi ya 3,000, wa Uganda na watu weusi wa Marekani: makosa katika jeni chache, kama BRCA2, ATM na PALB2, yalionekana zaidi kwa wagonjwa. Mwaka 2023 wagonjwa zaidi ya 19,000 wenye asili ya Afrika walilinganishwa na wanaume wengine zaidi ya 61,000. Zikapatikana alama mpya 9, na 7 kati yake kwa watu wa asili nyingine hazipo ao ni haba sana. Ndiyo sababu damu ya Wazungu peke yake haitoshi kutabiri ugonjwa wetu. Na kwa miaka mingi iliyochunguzwa ilikuwa hasa hiyo.

Tena usishangae: jeni hizo hutoka kwa mama pia. Mama hana prostati, lakini aweza kumpa mwanawe BRCA2 yenye kosa, aliyoipata kwa baba yake. Na jeni hiyohiyo huweza kumletea mwanamke kansere ya titi. Munganga akiuliza habari za wajomba na dada zako, usidhani anapoteza wakati.

Wala kurithi si hukumu. Wengi wenye alama hizo huzeeka bila ugonjwa. Kupima jeni ni kazi ya hospitali kubwa za mbali, lakini kuuliza ni nani wa ukoo aliyeugua hakuna bei. Mwanaume ambaye baba ao ndugu yake alipata kansere hii, hatari yake ni kama mara mbili. Afike akiwa na miaka 40 ao 45, maana mwanzoni haiumi. Munganga atapima kwa kidole njia ya nyuma (wababa wanaona haya, lakini ni dakika moja), na pakiwa na vifaa, atapima damu. Akiona damu katika mkojo, ao mgongo ukimwuma kila usiku, asingoje siku ya kliniki.